Madaftari Kumi na Tisa ya Costansia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wasichana wakiwa bado kwenye foleni ya uji, Costansia Nyirabageni ameinama juu ya ndoo ndani ya maabara, mikono imezama hadi viwikoni. Anaosha vile vipande vyembamba vya kioo vinavyowekwa chini ya hadubini. Anaosha kimoja, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akiona alama ya kidole anakirudisha majini.

Vimebaki thelathini na vinne. Shule ina wanafunzi mia mbili na sitini.

"Watu husema mimi ni mfagiaji," anasema bila kugeuka. "Ni kweli nafagia. Ila wasiishie hapo. Waniulize na kile ninachofanya nikishamaliza kufagia."

Hakuna aliyemuuliza kwa miaka mingi. Wengi katika shule hii ya wasichana, kilomita chache kutoka Nyaishozi wilayani Karagwe, wanamjua kama mama mnene wa kitenge cha kijani mwenye funguo nyingi kiunoni. Hawajui kwamba mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, aliyeishia darasa la sita, ametumia muda wake wote wa ziada tangu mwaka 1984 kufuatilia jambo moja linaloumiza vichwa vya maprofesa: seli za aina mbili zikichanganywa ovyo, zinajipangaje zenyewe hadi kila aina ikakusanyika mahali pake, bila mtu kuzielekeza?

Sehemu ya jibu aliipata. Aliipata kwa maharage, ubao na dadu ya kuchezea ludo. Na jibu hilo limechapishwa ng'ambo, katika jarida la kisayansi lenye karatasi zinazong'aa, chini ya jina la mtu mwingine.

Costansia alizaliwa Rwanda. Mwaka 1961, akiwa na miaka kumi na mmoja, alivuka Mto Kagera na wazazi wake wakiwa na sufuria mbili na mkeka. Walifikia Kamuli, upande wa Kyerwa, wakalima migomba ya watu kwa kibarua. Baba yake alipofariki, masomo yakakatika. Aliolewa na Celestin, kibarua kama wao, wakahamia karibu na Nyaishozi na kupata kipande cha ardhi chenye migomba na mibuni michache.

Oktoba 1978 akaajiriwa shuleni, kazi ya kufagia maabara na kuosha vyombo. Hakuwa amemaliza wiki tatu majeshi ya Amini yakavuka mpaka na kuingia Kagera.

Karagwe haikutekwa, lakini hofu ilifika kabla ya askari yeyote. Wasichana walirudishwa makwao. Walimu wakatawanyika. Mkuu wa shule wa wakati huo alifunga ofisi, akampa Costansia funguo za maabara na kumwambia neno moja: "Angalia."

Aliangalia. Alizifunga hadubini tatu za shule kwa magunia na nailoni, akachimba shimo kwenye migomba yake, akazifukia na kupanda magimbi juu yake. Kwa miezi mitano watu walipita na kurudi, wengine wakivunja milango ya shule na kubeba viti. Maabara nayo ilivunjwa. Hadubini hazikuonekana.

Mwalimu wa kwanza kurejea alikuwa Gaudiosus, kijana wa Igurwa aliyefundisha biolojia, na hesabu pia kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alikuta rafu tupu, akakaa kizingitini na kushika kichwa.

"Nikamwambia, Mwalimu, njoo nyumbani na jembe," Costansia anakumbuka. "Alidhani namwita kwenye kibarua."

Zilipofukuliwa zote tatu zikiwa nzima, Mwalimu Gaudiosus alimuuliza anataka zawadi gani. Costansia hakuomba sukari wala kitenge. Alisema: "Nataka kuona ndani."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kila siku baada ya vipindi, Mwalimu alimwekea kitu chini ya lenzi: ganda la kitunguu, tone la maji ya kisima, damu ya kuku. Alimfundisha kuchora anachokiona na si anachodhani atakiona. Alimfundisha kutafuta wastani na asilimia. Baada ya miaka miwili, Costansia ndiye aliyewatayarishia wanafunzi vioo vya mtihani.

Mwaka 1984 Celestin alirudi kutoka Kamuli na dumu la maji lenye mawe mawili. Mwalimu ndiye aliyemwagiza. Kwenye mawe hayo, yaliyookotwa kando ya Kagera penye mafunjo, kulikuwa na ukoko laini kama ute uliokauka nusu. Jiwe moja la kijani, jingine la kahawia. Ni sponji wa maji baridi, mnyama asiye na mdomo wala miguu.

Mwalimu Gaudiosus alikata vipande vya sponji wote wawili, akavikamulia kwenye kitambaa chepesi cha pazia hadi vikawa tope. Wanyama wawili wakawa maelfu ya seli zilizotawanyika, kijani na kahawia zimevurugana kwenye kisahani.

"Nikasema basi, umewaua," anasimulia Costansia. "Akaniambia, kaa hapo, uchore kila baada ya dakika kumi."

Alikaa kutwa nzima. Kwanza seli zilitetemeka, zikagusana. Zikashikana mbilimbili, kisha kumikumi. Mchana zilikuwa madonge yenye rangi zilizochanganyika. Lakini kufikia saa kumi jioni rangi zilianza kuachana ndani ya madonge yenyewe: kahawia ikijikusanya upande mmoja, kijani upande mwingine.

"Nani anaziambia?" alimuuliza Mwalimu.

"Hilo hata wakubwa wanabishana," Mwalimu akajibu. "Wengine wanasema hakuna anayeziambia. Kila moja inashika jirani yake, na inamshika wa aina yake kwa nguvu zaidi. Mengine yote yanatokana na hapo."

"Hayo yanaweza kupimwa?"

"Kwa hesabu, ndiyo. Lakini ni hesabu ya kompyuta, Costansia. Wewe na mimi hatuna hata umeme."

Jibu hilo halikumtosha. Jumamosi iliyofuata alichukua ubao wa kreti la sabuni, akauchora miraba ishirini kwa ishirini, jumla mia nne. Akahesabu maharage mekundu mia mbili na meupe mia mbili, akayatia kwenye kapu, akatikisa na kuyapanga jinsi yalivyotoka. Kisha akatafuta makopo mawili, kila moja akaweka vikaratasi vyenye namba moja hadi ishirini. Kopo la kwanza lilichagua mstari, la pili likachagua nafasi. Punje iliyoangukiwa ilijaribiwa kubadilishana na jirani yake mmoja.

Sheria ilikuwa nyepesi. Kila punje ina majirani wanne: juu, chini, kushoto, kulia. Kama mabadilishano yanaongeza majirani wa rangi moja, yafanyike. Kama yanapunguza, yaachwe. Kisha chota namba nyingine. Na nyingine.

Kwa saa moja aliweza kuchota mara mia mbili hivi. Baada ya kila mara elfu moja alichora ubao wote kwenye daftari. Celestin alifikiri mkewe amepata ugonjwa wa akili.

"Majirani walisema anapiga ramli," anasema Celestin, mtu mrefu asiye na maneno mengi. "Niliwaambia mpiga ramli hulipwa. Huyu wangu halipwi."

Wiki ya tatu maharage yaligoma. Yalikuwa yamejikusanya katika vifungu vidogo vidogo, kila punje ikiwa na majirani wawili watatu wa rangi yake, na hapakuwa na mabadilishano yaliyokubalika tena. Kwenye kisahani seli zilikuwa zimetengana pande mbili. Kwenye ubao punje zilikwama njiani. Costansia alirudia tangu mwanzo mara nne, na mara zote nne yakakwama.

Jibu alilipata uani kwake, alasiri moja, akipepeta maharage ya kupika. "Ungo usipoutikisa, changarawe zinabaki katikati. Ukitikisa ndipo kila kitu kinapata njia ya kupita. Nikakumbuka zile seli zilivyokuwa zikitetemeka. Maharage yangu yalikuwa yametulia mno."

Akaongeza dadu. Mabadilishano mabaya, yale yanayopunguza majirani wa rangi moja, yakaruhusiwa iwapo tu dadu ingeangukia sita. Hayo makosa machache ndiyo yaliyokomboa ubao. Vifungu vilianza kumomonyoka pembeni, vikahama, vikaungana. Baada ya wiki tano ubao ulikuwa na pande mbili. Alipojaribu kuruhusu makosa mara nyingi zaidi, kwa tatu na nne na tano na sita, rangi zilivurugika na hazikutengana kamwe.

Alimbebea Mwalimu Gaudiosus madaftari. Mwalimu aliyasoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akayasoma tena.

"Costansia, hii ni hesabu," akasema.

"Nilidhani ni maharage, Mwalimu."

"Ni vyote viwili."

Ndipo wakaanza kulinganisha. Mwalimu akikamua sponji, Costansia akichora kisahani; kisha wanahesabu mipaka kati ya rangi mbili kwenye kisahani na kwenye ubao, na kuangalia inapungua kwa kasi gani. Mistari miwili waliyoipata kwenye karatasi ya grafu ilifuatana. Hadi mwaka 1987 madaftari yalikuwa kumi na tisa.

Mwaka huo huo akafika Dakta Byabato.

Ni mtoto wa hapahapa, wa ukoo unaojulikana, aliyesoma hadi ng'ambo na kuwa mhadhiri. Alikuja kumzika baba yake mdogo, akapitia shuleni kusalimia. Costansia alimpa shikamoo kama anavyopewa mtu mkubwa, ingawa wanakaribiana umri. Mwalimu Gaudiosus, kwa fahari, akamvutia kiti mbele ya ubao wa maharage.

Dakta alikaa alasiri mbili. Aliuliza, akaandika, akauliza tena. Alikula ebitoke, ndizi za kupika, na maharage nyumbani kwa Costansia na kusifu mapishi. Alipoondoka aliomba madaftari.

"Alisema mwezi wa pili yatarudi," anasema Costansia. "Alisema, mama, kazi hii lazima iende mbali. Kweli imeenda mbali."

Mwezi wa pili ulipita. Ukapita wa pili wa mwaka uliofuata. Mwalimu Gaudiosus aliandika barua tatu. Kisha akaanza kukonda, kama walimu na vijana wengi wa Kagera walivyokuwa wakikonda miaka ile, na mwaka 1989 akazikwa Igurwa. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Hakupata jibu hata la barua moja.

Mwaka 1991 shule ililetewa sanduku la vitabu na majarida ya msaada. Costansia ndiye aliyeyafuta vumbi na kuyapanga. Alifungua moja ili aone picha. Akaona ubao wake.

"Sikuelewa Kiingereza kilichoandikwa, lakini mkono wangu niliutambua. Ulikuwa umechorwa upya kwa mashine, vizuri kabisa. Lakini kuna tobo. Mstari wa saba, nafasi ya kumi na mbili, hakuna kitu."

Tobo lile lina historia yake. Mwaka 1986, ubao ukiwa uani, kuku alidonoa punje moja. Costansia, aliyefundishwa kuchora anachokiona, aliuchora ubao ukiwa na tobo, kisha akarudisha punje na kuendelea.

Alimkimbilia Madamu Kokushubira, mwalimu wa Kiingereza, naye akamsomea. Chini ya mchoro ule mwandishi, Dakta Byabato, alieleza kuwa nafasi iliyo wazi inawakilisha "seli iliyokufa", na akatumia aya nzima kujadili umuhimu wa kifo cha seli katika kujipanga kwa tishu.

"Nilicheka kwanza," anasema Madamu Kokushubira. "Kisha nikatafuta jina la mama huyu ukurasa hadi ukurasa. Halikuwepo. La marehemu Gaudiosus halikuwepo. Nilipofika mwisho kabisa nikakuta mstari mmoja: mwandishi anawashukuru wafanyakazi wa shule moja ya kijijini kwa ukarimu wao."

Costansia anaifuta mikono yake kwenye kitenge. Sauti yake haipandi, lakini anayatamka maneno kama mtu anayepigilia misumari.

"Ukarimu. Miaka mitatu, michoro mia tatu na kumi na miwili, macho yangu yameharibika, naitwa ukarimu. Mimi nimeshazoea. Lakini Mwalimu Gaudiosus je? Yule alikuwa mwalimu mwenye diploma, amekufa akiandika barua. Na yeye ni ukarimu?"

Costansia alimwandikia Dakta kwa msaada wa Madamu. Safari hii jibu lilikuja, la mistari mitatu: mambo ya kitaalamu yana taratibu zake, msaidizi si mtafiti, na mhudumu ajihadhari asije akapoteza kazi kwa kudai vitu asivyovielewa.

Miezi miwili baadaye kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa ametumwa "kutoka juu" alifika nyumbani kwa Costansia kuuliza kuhusu uraia wa familia. Vyeti vyao ni vya mwaka 1982, viko ndani ya Biblia ya Celestin. Kijana aliviangalia mbele na nyuma, akaondoka bila kusema ametumwa na nani. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ziara ile ilihusiana na barua. Celestin hahitaji kuthibitishiwa.

"Nilimwambia nyamaza," anasema. "Mtu kama sisi akidai haki, kwanza anaulizwa ametoka wapi. Tumezika wazazi hapa, tumemzaa Uwimbabazi hapa, bado tunaulizwa. Nikamwambia, mama Uwimbabazi, waachie maharage yao."

Alinyamaza. Ila hakuacha kuchota namba. Mshahara wake, ambao leo ni shilingi elfu ishirini na mbili kwa mwezi, ulinunua madaftari mengine sita. Na humo aliandika jambo ambalo Dakta Byabato hakusubiri kuliona.

Hadi hapo sheria ilikuwa moja: rangi ishike rangi yake. Costansia akaigeuza. Akaamua kwamba nyekundu na nyeupe zishikane kwa nguvu zaidi kuliko nyekundu kwa nyekundu. Akaanza na ubao uliokwisha kutengana, nusu huku na nusu kule, akachota namba majuma tisa. Mpaka wa katikati ulioza. Punje ziliingiliana moja moja, hadi ubao ukafanana na ule wa drafti. Alipojaribu kuongeza au kupunguza kidogo mtikiso wa dadu, zilibaki vilevile, kila nyekundu imezungukwa na nyeupe nne.

Hakuwa na wa kumwonyesha. Akafunga daftari.

Mwaka 1994 watu walivuka Kagera tena, safari hii kwa malaki. Makambi yalijaa Karagwe, miti ikaisha, visima vikakauka, wenyeji wakachoka, na hasira yao haikuwa ya uongo. Agosti 1995 kukaitishwa mkutano mkubwa mjini Kayanga, kuzungumzia mazingira na wageni. Shule ilitoa viti, na Costansia akatumwa kwenda na lori la viti ili vihesabiwe vikienda na vikirudi. Mgeni rasmi wa kutoa mada alikuwa Dakta Byabato.

Dakta alitundika ukutani michoro minne mikubwa. Costansia alikuwa nyuma, amekaa kwenye kiti alichowaletea watu wengine.

"Hizi ni seli," Dakta aliwaambia, kwa mujibu wa watu watatu waliokuwapo na waliozungumza na mwandishi wa makala haya. "Zimechanganywa. Tazameni sasa zinavyotengana. Hakuna aliyeziamuru, ni asili yenyewe. Sisi ni nani tupingane na asili? Wanaofanana wakae na wanaofanana nao. Na sisemi juu ya waliokuja jana tu. Nasema hata waliojipenyeza miaka thelathini iliyopita."

Ukumbi ulipiga makofi. Mmoja wa waliopiga ni Placidius, mkulima wa kahawa wa Nyaishozi ambaye shamba lake linapakana na la Costansia na Celestin.

Costansia akasimama.

"Mama, maswali yataandikwa kwenye karatasi," mwenyekiti akasema.

"Sina swali. Nina sahihisho."

Kikapita kicheko. Dakta alimtazama, akamtambua, akaanza kukusanya karatasi zake.

"Michoro hiyo minne nilichora mimi," Costansia alisema. "Wa tatu una tobo. Mstari wa saba, nafasi ya kumi na mbili. Hapo kuku alidonoa punje yangu. Hesabuni."

Watu wa mbele wakahesabu, wengine kwa vidole, kwa sauti. Saba. Kumi na mbili. Kicheko kikafa.

"Mama, keti tafadhali, haya ni mambo ya kitaalamu," Dakta akasema.

"Nitaketi. Lakini sikusimama kwa sababu ya kuku, wala jina langu. Umewaambia watu hawa kwamba seli zinatengana kwa kuwa asili imesema. Mimi nimekaa na maharage hayo miaka kumi na mmoja, Dakta. Hayatengani yenyewe. Yalitengana kwa sababu mimi niliandika sheria kwamba nyekundu ishike nyekundu. Ulipoondoka na madaftari yangu nikaibadilisha. Nikaandika nyekundu ishike nyeupe. Yakachanganyika, na sikuweza kuyatenga tena. Maharage ni yale yale. Ubao ni ule ule. Hayo hukuyaona, maana uliondoka mapema. Kwa hiyo usiwaambie asili ndiyo imesema. Waambie wewe ndiye umesema."

Mwenyekiti aliahirisha mkutano kwa ajili ya chakula, saa nzima kabla ya wakati.

"Mimi nilikuwa nimepiga makofi," anasema Placidius, akitazama migomba. "Nasema ukweli, nilipiga. Huyu mama ndiye aliyekesha na mke wangu alipojifungua. Nikapiga makofi aondoke. Halafu nikahesabu hadi kumi na mbili, nikaona tobo. Jioni nilikwenda kwake. Sikujua niseme nini, nikabeba mkungu."

Azimio la kuwaondoa wageni, lililoandaliwa kwa siku ile, halikupitishwa, wala halikutupwa. Liliahirishwa. Lakini Costansia hakuahirishiwa. Wiki iliyofuata alipewa barua ya onyo kwa "kujivika cheo kisicho chake hadharani", na kwa muhula mzima akazuiwa kugusa hadubini zilezile alizozifukia kwenye magimbi wakati wenye vyeo walipokuwa mbioni. Zilirudishwa mikononi mwake pale tu mtihani wa vitendo ulipokaribia na ikagundulika kwamba hakuna mwingine shuleni anayejua kutayarisha vioo.

Mwandishi alimwandikia Dakta Byabato mara mbili kutaka maelezo yake. Jibu lilikuja mara ya pili. "Mchango wa wasaidizi wa vijijini hutambuliwa kwa jumla. Suala hili ni la kitaalamu na halifai kujadiliwa magazetini."

Basi likajadiliwe wapi? Kwenye jarida linalofika Karagwe kwa bahati, ndani ya sanduku la msaada, kwa lugha ambayo mwenye kazi haijui? Mwanamke aliyechota namba zaidi ya laki tatu kwa mkono wake, bila umeme, bila posho, akagundua kwamba makosa machache ndiyo yanayoziwezesha seli kufika kwao, anaambiwa hayamhusu. Kinachomhusu ni ndoo.

Mkuu wa sasa wa shule, ambaye ameomba shule isitajwe jina, anasema onyo lile lilitolewa kabla hajahamia hapo. "Mimi ninachojua ni kwamba Mama Costansia ni mchapakazi," anasema. Alipoulizwa kama amewahi kuona madaftari, alisema bado hajapata nafasi. Ofisi yake na maabara vinatenganishwa na ukuta mmoja.

Mwandishi aliyaona. Ni sita, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Kila ukurasa una miraba mia nne, tarehe, idadi ya mara alizochota, na pembeni mwandiko wa duara wa mtu aliyejifunza kuandika kwa kuandika: "Leo mvua, mkono unauma." "Leo yamehama mengi." Kwenye jalada la kila moja kuna majina mawili, la Gaudiosus likitangulia.

"Yeye alitangulia kufa, basi atangulie na hapo," anasema.

Mwaka huu Costansia ameamua kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Masomo mawili tu kwa kuanzia, hesabu na biolojia. Madamu Kokushubira anamfundisha Kiingereza siku nne kwa wiki, baada ya vipindi, ili aweze kuandika mwenyewe kwa wahariri wa jarida lile na kuambatanisha madaftari sita ambayo hayajulikani kwao.

"Sitaki wamfukuze mtu kazi," anasema. "Nataka waandike kilichotokea. Waandike Gaudiosus, waandike Nyirabageni. Na waandike sehemu iliyobaki, ile ya kuchanganyika, kwa sababu nusu ya jibu imeshatumika kuwadhuru watu. Mimi niliichora. Nisipoikamilisha, nami nimo."

Alipokwenda kuandikishwa mtihani alipewa fomu. Penye mstari wa kazi aliandika kwa herufi kubwa: MTAFITI. Karani aliisoma, akamtazama kuanzia kilemba hadi ndala, akakata neno lile kwa wino mwekundu na kuandika juu yake: mfagiaji.

Costansia hakugombana naye. Aliirudisha fomu mezani, akaomba nyingine iliyo safi, akavuta kiti, akaandika tena neno lilelile.